Ngitili

Ngitili (huandikwa pia ngitiri) ni eneo la malisho na miti ambalo Wasukuma hulifunga kwa mifugo mvua zinapoanza ili nyasi na miche ikue, kisha hulifungua katikati ya kiangazi, malisho yanapokuwa yamekwisha kwingineko. Ni desturi ya asili ya nchi iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria nchini Tanzania, hasa mikoa ya Shinyanga na Simiyu, na hupatikana pia katika sehemu za Geita, Mwanza na Tabora.

Kuanzia mwaka 1986 ngitili ziligeuka kuwa msingi wa mradi wa serikali ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Kwa muda wa miaka 18 mradi huo ulirudisha uoto katika mkoa uliokuwa umebaki karibu mtupu. Kwa hiyo ngitili hutajwa mara nyingi kama mfano wa misitu kutunzwa na watu wanaoitumia. Upande wa magharibi, katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, desturi hiyohiyo inakutana na mahitaji mengine: nguzo za mashimo ya wachimbaji, mkaa wa kambi na miji, na ardhi yenyewe yenye mawe ya dhahabu chini yake.

Jinsi ngitili inavyotunzwa

Mvua za Shinyanga ni chache, kwa kawaida kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na mwanzo wa Mei. Mfugaji hana shida ya nyasi mwezi wa Januari. Shida yake ni Septemba na Oktoba, wakati mbuga zimebaki vumbi na maksai wanatakiwa kuwa na nguvu ya kuvuta jembe mara mvua za kwanza zitakapodondoka. Ngitili ni akiba ya miezi hiyo. Nyasi huachwa zikue, zitoe mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, na mifugo huingizwa kuanzia Julai au Agosti.

Huingizwa kwa mpangilio. Wanaotangulia ni ndama, maksai, ng'ombe waliozeeka na walio wagonjwa. Kundi kubwa lenye afya hupelekwa kuchunga mbali. Ngitili kubwa hugawanywa vipande, na kipande cha pili hakifunguliwi mpaka cha kwanza kiishe.

Miti haikuwa lengo la kwanza la desturi hii. Lakini ardhi ambayo haikanyagwi wala kuliwa kwa nusu mwaka au zaidi huchipusha visiki na mizizi iliyobaki chini, na baada ya miaka michache pori hujirudisha bila kupandwa. Katika tambarare za mashariki huota zaidi migunga ya aina mbalimbali. Kuelekea Kahama na Bukombe huonekana miti ya miombo. Pamoja na malisho, mwenye ngitili hupata kuni, fito, nyasi za kuezekea, dawa za miti shamba, matunda ya porini, uyoga na asali.

Mara nyingi hakuna ua. Mpaka unaweza kuwa mstari wa minyaa au mikonge, kijito, njia ya ng'ombe, au neno la wazee ambalo kila jirani analijua. Ngitili za kaya ni ndogo, za hekta chache tu, na huwa karibu na mji wa mwenyewe ili ziweze kuangaliwa. Ngitili za jamii ni za kijiji kizima au kitongoji, na zinaweza kufikia hekta mia na zaidi. Zipo pia za shule, makanisa na vikundi.

Jinsi Shinyanga ilivyopoteza miti

Mkoa huu haukuwa mkavu tangu awali. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ilikuwa na pori la migunga na miombo, na pori hilo lilikuwa na mbung'o wanaoeneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliamua kuwashambulia mbung'o kwa kuondoa makazi yao. Katika miaka ya 1920 Charles Swynnerton, aliyeongoza shughuli za kupambana na mbung'o Tanganyika, alifanya majaribio yake Shinyanga, na maelfu ya Wasukuma waliitwa kupitia watemi wao kufyeka na kuchoma pori. Kwa kipimo cha wakati ule kazi ilifaulu: mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili ulifuata Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947. Uliendeleza ufyekaji, ukahimiza kilimo cha pamba na kujaribu kupunguza mifugo. Ulihamasisha pia watu kuhamia Geita, ambako ardhi ilihesabiwa kuwa tupu baada ya mbung'o kuondolewa. Wasukuma wengi wa Geita wa leo wana asili katika uhamaji huo, nao walikwenda na desturi zao, ngitili ikiwemo. Pamba ilipanuka sana katika miaka ya 1950, na kila ekari ya pamba ilikuwa ekari ya pori iliyoondoka.

Mabadiliko mawili ya baada ya uhuru yaliigusa ngitili yenyewe. Kwanza, mwaka 1963 utemi ulifutwa, na pamoja nao mamlaka yaliyokuwa yakiamua nani alishe wapi. Pili, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975 iliwahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Lengo lilikuwa kuwafikishia shule, maji na zahanati, lakini ngitili ya kaya huishi kwa jicho la mwenyewe. Mtu aliyehamishwa kilomita kadhaa hawezi kumzuia mchungaji wa mtu mwingine kuingia. Ngitili nyingi zilizoachwa hivyo zililishwa na kukatwa mpaka zikaisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa vijiji vingi walikuwa wakitembea masaa mengi kutafuta kuni, na samadi, ambayo ingepaswa kwenda shambani, ilikuwa ikichomwa jikoni. Rais Julius Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

HASHI, 1986 hadi 2004

HASHI ilianzishwa mwaka 1986 na serikali ya Tanzania kwa msaada wa Norwei, na baadaye Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto (ICRAF) chenye makao yake Nairobi kilijiunga kwa upande wa utafiti. Mwanzoni mradi ulifanana na miradi mingi ya wakati ule: vitalu vikubwa, miche ya kugawa, kampeni za kupanda miti. Miche mingi haikuvuka kiangazi, na iliyovuka iliishia tumboni mwa mbuzi.

Badiliko lilikuja wataalamu walipoanza kuwauliza wanavijiji walikuwa wakipata wapi kuni na malisho zamani. Jibu lilikuwa ngitili. Wakati huo eneo la ngitili lililoandikishwa katika mkoa mzima lilikuwa hekta 600 hivi. Mradi uliacha kuona miche kuwa kazi yake kuu, ukaanza kuwasaidia watu kufunga tena ardhi zao, kupima mipaka, kuchagua miti ya kuongeza na kukubaliana juu ya kanuni. Maafisa walitumia mikutano, sinema, maigizo na ziara za wakulima kutembelea wakulima wenzao.

Kufikia mwaka 2004, mradi ulipofungwa, ngitili zilizokuwa zimerudishwa au kuanzishwa zilikadiriwa kuwa hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wa sasa: ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu mwaka 2012 ziko katika mkoa wa Simiyu, na Bukombe, iliyoingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Anayelinganisha takwimu za HASHI na za mkoa wa leo anapaswa kulikumbuka jambo hilo. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Fedha za mradi haziwezi peke yake kueleza ongezeko hilo. Ufyekaji wa miaka ya 1920 ulikuwa umeondoa mashina bila kung'oa mizizi yote, kwa hiyo ardhi ilihitaji kupumzishwa tu. Tena watu walikuwa bado wanajua namna ya kuipumzisha; hawakufundishwa jambo jipya. Kilichokosekana ni uhakika kwamba mtu akifunga ardhi, jirani hataifungua.

Dagashida na sungusungu

Uhakika huo ulitoka katika taasisi za Wasukuma wenyewe. Dagashida ni mkutano wa wazi wa jamii unaotunga kanuni na kuamua makosa. Ndio uliopanga siku ya kufunga na kufungua ngitili, nani aruhusiwe kukata fito na kwa kazi gani, na faini ya mchungaji aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Sungusungu ni walinzi wa jadi walioibuka katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na baadaye wakatambuliwa na serikali. Walipoongezewa kazi ya kulinda ngitili, kosa la kukata mti lilianza kushughulikiwa kwa haraka ileile ya kosa la kuiba ndama. Faini hutozwa kwa fedha au mifugo. Anayekataa kulipa anaweza kutengwa: hasalimiwi, hasaidiwi shambani, hachotewi moto. Kwa mtu anayetegemea majirani kulima na kuvuna, adhabu hiyo ni nzito kuliko jela ya wilaya.

Taasisi hizi hazikosi doa. Sungusungu wamewahi kulaumiwa kwa kupiga watu na kwa kuwaandama wanawake wazee waliotuhumiwa uchawi. Dagashida ya asili ilikuwa baraza la wanaume, wakati wanaotafuta kuni ni wanawake. HASHI ilisisitiza wanawake waingizwe katika kamati za kijiji, na walioingia walileta masuala ambayo wenye ng'ombe hawakuyafikiria, kama siku za kuokota kuni kavu na kukata nyasi za kuezekea.

Ngitili katika sheria

Sheria ya nchi iliifikia desturi hii ikiwa imechelewa. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilikubali usimamizi shirikishi wa misitu, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliipa halmashauri ya kijiji madaraka ya kusimamia ardhi ya kijiji. Kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 iliruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, na kikundi ndani ya kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa jamii.

Faida yake ni kubwa. Kijiji chenye msitu uliotangazwa hukusanya chenyewe ada na faini na kubaki na mapato yote, na halmashauri yake huweza kumshtaki mvunja kanuni mahakamani badala ya kutegemea dagashida peke yake. Ili kufika hapo, mkutano mkuu wa kijiji hupitisha azimio, mpango wa usimamizi huandikwa, na sheria ndogo huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kila hatua ina gharama: mpima mipaka, posho, usafiri, nakala. Kwa hiyo ngitili nyingi zimebaki na ulinzi wa desturi tu. Ngitili ya kaya inaweza kupatiwa hati ya hakimiliki ya kimila, lakini familia yenye hekta 2 za nyasi mara nyingi haioni sababu ya kuhangaikia hati, mpaka siku mtu mwingine anapoitaka ardhi hiyo.

Faida na wanaofaidika

Utafiti uliofanywa mwaka 2004 kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ulikadiria kuwa mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani vijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Sehemu kubwa ya thamani hiyo haipiti sokoni. Ni kuni zisizonunuliwa, dawa zisizonunuliwa, na muda: safari ya kuni ilipungua kwa masaa 2 hadi 6. Wastani huo unahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa dola za ngitili hazigawanywi sawasawa.

Uchunguzi wa vijiji 172 ulikuta ngitili zaidi ya 18,000, na kati ya hizo 284 tu zilikuwa za jamii. Nyingine zote zilikuwa za kaya. Kwa eneo hali ni tofauti, kwani ngitili za jamii ni kubwa na zilikaribia nusu ya hekta zote. Maana yake ni kwamba mwenye ardhi na ng'ombe wengi ana ngitili yake na anashiriki pia ya kijiji. Kaya isiyo na ardhi inategemea ya kijiji peke yake, na ngitili ya kijiji inapokatwa vipande kugawiwa vijana wanaohitaji mashamba, kaya hiyo ndiyo inayopoteza zaidi. Wanyama waliorudi porini nao huwasumbua wote, mwenye ngitili na asiye nayo: fisi hula mbuzi wa yeyote.

Ukanda wa dhahabu

Dhahabu ya Geita inajulikana tangu utawala wa Wajerumani, na mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966. Mgodi wa sasa, unaomilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na sehemu ya eneo lake la leseni imo ndani ya Hifadhi ya Msitu wa Geita. Upande wa Kahama kuna Bulyanhulu, na kulikuwa na Buzwagi, uliomaliza uzalishaji mwaka 2021. Katikati ya migodi hiyo, katika maeneo kama Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, wapo wachimbaji wadogo kwa maelfu.

Mgodi mkubwa hufyeka eneo linalojulikana, na sheria huulazimisha kuwa na mpango wa kurudisha ardhi. Wachimbaji wadogo hutumia miti kwa njia isiyoonekana kwenye ramani. Shimo lao, liitwalo duara, hushuka mita nyingi kupitia udongo laini kabla ya kufika kwenye mwamba, na kuta zake huzuiwa zisibomoke kwa magogo yaitwayo matimba, yanayopangwa yakikatizana tangu mdomoni hadi chini. Bila matimba watu hufukiwa. Sheria za usalama migodini hudai kuta za shimo zizuiwe, kwa hiyo mkaguzi anayeokoa maisha ya wachimbaji huongeza, bila kutaka, idadi ya magogo yanayokatwa. Magogo yanayofaa ni yaliyonyooka na ya mti mgumu, ya unene wa paja au chini ya hapo: yaani miti michanga ya miombo, ambayo ndiyo ingekuwa msitu wa miaka ishirini ijayo. Yakioza hubadilishwa, na duara lisilotoa mawe mazuri huachwa na matimba yake ndani.

Pamoja na matimba kuna mkaa. Habari za mawe mazuri zikienea, watu hufika kwa siku chache, na kambi hugeuka mji wenye mama lishe, baa na magesti, wote wakipikia mkaa au kuni. Gunia la mkaa wa Geita huuzwa hadi Mwanza. Mchomaji mkaa mara nyingi ni mchimbaji aliyekosa, au mkulima ambaye pamba yake haikulipa.

Jambo la tatu ni ardhi, na hapo ngitili inakuwa dhaifu kuliko popote. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini yote ni mali ya umma, na leseni hutolewa na serikali kuu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017 kazi hiyo iko chini ya Tume ya Madini. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania kwa miaka 7, kwa eneo lisilozidi hekta 10. Mwenye leseni hutakiwa kupata kibali cha maandishi cha mmiliki halali wa ardhi ya juu kabla ya kuanza kazi, na ndani ya hifadhi ya msitu kibali cha mamlaka inayohusika. Palipo na hati au msitu wa kijiji uliotangazwa, kuna mtu wa kuombwa. Palipo na desturi tu, swali la nani mmiliki halali hubaki wazi, na hujibiwa na anayefika wilayani kwanza.

Mara nyingi hakuna hata mgogoro. Mwenye ngitili huafikiana na wachimbaji na kupewa mgao wa mifuko ya mawe. Hekta zilizompa kuni na malisho kwa miaka kumi zinaweza kumpa, kwa msimu mmoja, fedha za bati, ada ya shule na ng'ombe kadhaa. Si uamuzi wa kipumbavu. Lakini ng'ombe walionunuliwa kwa mawe hayo watahitaji nyasi Septemba, na watalishwa katika ngitili ya mtu mwingine. Mashimo yaliyoachwa hayawezi kufungwa na kufunguliwa kama malisho, na mialo ya kuoshea mchanga huacha zebaki kando ya mito ambako mifugo hunywa.

Ngitili ilifaulu zaidi mahali ambapo wenyeji walikuwa wahitaji wakuu wa ardhi hiyo. Dagashida inaweza kumtoza faini jirani kwa sababu jirani atakuwepo kesho. Mchimbaji aliyetoka mkoa mwingine, atakayehamia kwenye rashi nyingine mwezi ujao, haogopi kutengwa. Mgawanyo wa mapato nao unavuta upande huohuo: mrabaha wa dhahabu, ambao mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 6, huenda serikali kuu, na ushuru wa huduma huenda halmashauri ya wilaya. Kijiji chenyewe hakina fungu la moja kwa moja katika hayo, wakati katika msitu wake uliotangazwa kina haki ya mapato yote. Diwani anayeulizwa achague kati ya leseni na ngitili anajua ni ipi inayojaza bajeti ya wilaya.

Njia zinazojaribiwa au kupendekezwa ni chache na hazijatosha. Matimba yanaweza kutoka katika mashamba ya miti badala ya pori. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) una Shamba la Miti Silayo wilayani Chato, ndani ya mkoa wa Geita. Mikaratusi hukua haraka na kunyooka, ingawa wachimbaji huiona si migumu kama miti ya miombo. Nguzo za chuma na zege hudumu, lakini hakuna mchimbaji atakayeziweka katika duara ambalo hajui kama lina dhahabu. Vijiji vya Bukombe na Kahama vina jambo la kuvitegemeza: ufugaji nyuki wa miombo, ambao hulipa bila kukata mti, hivyo humpa mwenye msitu sababu ya kusema hapana.

Biashara ya hewa ukaa

Kuanzia mwaka 2010 shirika la TaTEDO liliendesha, kwa fedha za Norwei, mradi wa majaribio wa kulipia hewa ukaa inayotunzwa na ngitili katika wilaya za Kahama na Shinyanga Vijijini. Ugumu ulikuwa katika ukubwa. Mnunuzi wa hewa ukaa hataki mkataba na kaya yenye hekta 2. Anataka maelfu ya hekta yenye mipaka iliyopimwa na mwenye kujibu mmoja. Wenye ngitili iliwabidi waungane katika vikundi vya pamoja, na wanavijiji walifundishwa kupima unene wa miti kwa utepe na kusoma GPS.

Matokeo mengine yalidumu zaidi ya malipo: mipaka iliyokuwa maneno ya wazee iliandikwa kwa tarakimu. Kituo cha NAFRAC mjini Shinyanga, kilichorithi kazi za HASHI, kiliendelea na utafiti na ushauri kwa wenye ngitili.

Desturi zinazofanana

Wagogo wa Dodoma wana milaga na Wamaasai wana alalili, ambazo pia ni maeneo yanayofungwa ili kusubiri kiangazi. Nchini Niger, katika maeneo ya Maradi na Zinder, wakulima wamerudisha miti katika mamilioni ya hekta za mashamba kwa kuchagua na kutunza machipukizi ya visiki, bila vitalu, kama Shinyanga. Huko pia miti ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyekata tawi katika shamba lake mwenyewe aliweza kutozwa faini na bwana misitu. Uoto ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1980, kanuni hiyo ilipolegezwa na wakulima kuanza kuiona miti ya shambani kuwa yao.